Jeraha limekutoa kwenye kazi ya nguvu? Mwongozo kamili wa kupata kazi nyingine

Mtu aliyeishi kwa nguvu za mwili wake, awe mwashi, dereva wa lori, muuguzi, mchezaji mpira au mpakuaji mizigo, akiambiwa na daktari kwamba hatarudi tena kwenye kazi ile, swali linalomjia ni moja: nitafanya nini sasa, na mimi sijui kitu kingine? Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya swali hilo. Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Unajua mengi kuliko unavyodhani, na kazi mpya hupatikana upesi zaidi ukianza kuitafuta jirani na kazi ya zamani kuliko ukikimbilia kitu kigeni kabisa. Lakini yapo mambo ya kukamilisha kabla ya kutuma maombi hata moja.

Hatua ya 1: Usisaini haraka, na kusanya karatasi zako

Wiki za mwanzo, maumivu bado yapo na dawa zinakulevya, ndipo watu huletewa karatasi za kusaini: barua ya kuacha kazi kwa hiari, hati ya kumaliza madai, makubaliano ya malipo ya mkupuo. Usiweke saini siku hiyo hiyo. Omba nakala, nenda nayo nyumbani, mpe mtu wa chama cha wafanyakazi au mwanasheria aisome. Ukubwa wa jeraha haujulikani hadi daktari aseme hali imetulia, yaani haitarajiwi kubadilika sana, si kwa kupona zaidi wala kwa kuzorota. Anayekubali malipo ya mwisho kabla ya hapo anauza kitu ambacho bado hajajua thamani yake. Na ukiacha kazi mwenyewe, unaweza kupoteza haki ambazo ungezipata kama mwajiri ndiye angelazimika kukuachisha kwa sababu za kiafya.

Karatasi zenyewe: taarifa ya ajali iliyoandikwa siku ile au karibu yake, majina ya walioshuhudia, ripoti zote za madaktari, picha za eksirei, risiti za matibabu, hati za mishahara, mkataba wa kazi. Ziweke kwa mpangilio wa tarehe na uzipige picha kwa simu. Ulizia pia mwisho wa muda wa kuwasilisha madai. Sheria za fidia huwa na ukomo wa muda, na madai mengi ya haki hufa kwa kuchelewa tu.

Kuna jambo wengi hawaliulizi. Mkataba nambari 121 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1964, hauishii kwenye pesa. Unazitaka nchi zilizouridhia zitoe pia huduma za kumwandaa aliyeumia arudi kwenye kazi yake ya awali au, ikishindikana, aingie kwenye kazi nyingine inayomfaa kuliko zote. Kwa hiyo ukienda kwa mfuko wa fidia au kampuni ya bima, usiulize "nitalipwa kiasi gani?" peke yake. Uliza: mna mpango gani wa mafunzo, wa vifaa vya kunisaidia, wa kunirudisha kazini? Uliza kwa maandishi, ili na jibu lije kwa maandishi.

Jambo jingine linalochanganya watu ni ile asilimia ya ulemavu inayoandikwa kwenye ripoti. Asilimia hiyo hupima kilichopungua mwilini. Haipimi kazi unayoweza kufanya. Kidole kilichokakamaa kinaweza kumaliza kazi ya mpiga piano na kisimguse mwalimu wa hesabu. Usikubali namba hiyo, ikiwa kubwa au ndogo, ikuamulie mustakabali wako.

Hatua ya 2: Upime mwili wako kwa namba

"Siwezi kazi nzito" ni kauli isiyomsaidia mwajiri, wala daktari, wala wewe mwenyewe. Chukua daftari, na kwa wiki mbili andika kila siku: nimeweza kukaa dakika ngapi kabla ya kulazimika kunyanyuka? Kusimama? Kutembea, na juu ya ardhi ya namna gani? Nimebeba kilo ngapi, kutoka sakafuni au kutoka mezani, mara ngapi? Mkono unapanda juu ya bega? Ngazi ngapi? Kushika kitu kidogo kama kalamu au skrubu kunakuwaje? Andika saa uliyomeza dawa na saa ambayo usingizi au uzito wa kichwa ulikuja, kwa sababu dawa kali za maumivu zinaweza kukufungia kazi za kuendesha magari na mitambo hata kama mguu na mkono viko sawa.

Safu muhimu kuliko zote ni ya kesho yake. Karibu kila mtu anaweza kubeba ndoo moja leo kwa kujikaza. Swali ni kama asubuhi inayofuata uliamka, ukavaa na ukaweza kurudia. Kazi ya ajira ni kurudia, siku baada ya siku, na kipimo chako cha kweli ni kile unachoweza kukirudia bila kulipa kwa siku mbili za kitandani.

Ukiwa na daftari hilo, nenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia, au wa tiba kwa vitendo (anayemsaidia aliyeumia kufanya tena shughuli za kila siku), umwombe tathmini ya uwezo wa kufanya kazi. Ni vipimo vya saa kadhaa, wakati mwingine siku mbili: kunyanyua, kusukuma, kuinama, kukaa, kushika. Matokeo yake ni karatasi ambayo mwajiri hawezi kuipuuza kirahisi.

Vipimo vinavyotumika Marekani vinaweza kukupa picha ya namba hizo. Wizara ya kazi ya huko hugawa kazi kwa uzito. Kazi ya kukaa ni ile isiyozidi takriban kilo 4.5, tena kwa mara chache. Kazi nyepesi hufika takriban kilo 9, ya wastani kilo 23, nzito kilo 45. "Mara chache" maana yake ni hadi theluthi moja ya siku ya kazi. Hata kama nchi yako haitumii mgawanyo huo, ukiweza kusema "nabeba kilo 9 kwa theluthi ya siku, nakaa dakika 40 kisha nahitaji kusimama dakika 5", umeshawaacha mbali waombaji wengi waliokuja na maneno ya jumla.

Hapa nisisitize kosa moja linalojirudia sana: kudhani kwamba kila aliyeumia akalishwe ofisini. Kwa mwenye jeraha la diski ya mgongo, kukaa saa 8 huenda ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Na kazi ya usimamizi wa ujenzi, inayoonekana nyepesi kwa mbali, ni kupanda ngazi na kutembea kutwa nzima. Pima kazi yenyewe, usipime jina lake.

Hatua ya 3: Kipe kilio nafasi yake

Kupoteza kazi ya mwili ni msiba. Uliitwa fundi, uliitwa kapteni, leo watu wanakuuliza unaendeleaje kwa sauti ya huruma. Hasira, aibu na kukosa usingizi ni vitu vya kutarajiwa, na hakuna haja ya kuvificha kwa mke, mume au wazazi. Ila vikidumu kwa wiki kadhaa, ukaacha kula, ukaanza kunywa ili ulale au ukawaza kwamba heri usingekuwepo, hilo ni suala la daktari, la leo, kama vile mfupa uliovunjika ni suala la daktari. Mtafute mtu aliyeumia kabla yako akapita njia hiyo. Atakuambia mambo ambayo mtaalamu hawezi kuyajua.

Usingoje pia hadi upone kabisa ndipo uanze kufikiria kazi. Kadiri mtu anavyokaa nje ya kazi kwa muda mrefu, ndivyo kurudi kunavyozidi kuwa kugumu. Hatua zinazofuata unaweza kuzianza ukiwa bado na bandeji.

Hatua ya 4: Fumua ujuzi wako kutoka kwenye misuli

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, na ndiyo yenye utajiri. Kaa na mtu anayekujua, mwambie akuulize: siku ya kazi ilianzaje, ukafanya nini, ukaamua nini? Andika vitenzi vyote. Usiandike cheo.

Tumchukue mwashi aliyeanguka kutoka kwenye jukwaa akaumia mgongo. Ukimuuliza anajua nini, atakujibu "kujenga". Lakini kabla tofali la kwanza halijawekwa, tayari alikuwa ameshafanya haya: amesoma ramani na kugundua kwamba mlango utagongana na ngazi, amepima kona kwa kamba ya 3, 4 na 5 kuhakikisha ni mraba, ameteka mchanga kiganjani, akausugua, akaona unaacha tope jingi mkononi, akaurudisha kwa aliyeuleta, amekadiria matofali na mifuko ya saruji ya wiki nzima, amewagawia vibarua kazi akijua yupi anafaa wapi, amembembeleza mwenye nyumba asibadilishe dirisha katikati ya kazi. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji mgongo mzima. Kila kimoja ni kazi ambayo watu hulipwa: ukadiriaji wa gharama, ukaguzi wa ubora, ununuzi na utunzaji wa vifaa, kupanga ratiba, kufundisha chuo cha ufundi, kuuza vifaa vya ujenzi kwa wateja wanaohitaji mtu wa kuwaambia ukweli.

Fanya hivyo hivyo kwa kazi yako. Dereva wa lori anajua njia, nyaraka za mizigo, muda halisi wa safari na dalili za gari linalotaka kuharibika; ofisi inayopanga safari za magari inamhitaji mtu wa namna hiyo kuliko anayejua ramani ya kwenye skrini tu. Muuguzi asiyeweza tena kuinua wagonjwa bado anajua kutambua kwa simu nani aje hospitali sasa hivi na nani asubiri kesho, anajua kumbukumbu za wagonjwa, anajua kuzuia maambukizi, anajua kuwafundisha wanafunzi. Zimamoto anajua jengo gani litaua watu likiwaka.

Kisha andika kando ya kila ujuzi ushahidi wake: picha za kazi, barua, jina la msimamizi atakayethibitisha, kiasi cha hasara ulichozuia. Maneno "nina uzoefu wa miaka mingi" yanasemwa na kila mtu.

Hatua ya 5: Tafuta kwa mpangilio huu

Wataalamu wa kuwarudisha watu kazini hufuata ngazi fulani, na mimi naiamini kwa sababu inaanza pale ambapo tayari unaaminika. Kwanza, kazi ile ile kwa mwajiri yule yule, ikiwa na marekebisho. Pili, kazi tofauti kwa mwajiri yule yule. Tatu, kazi inayofanana kwa mwajiri mwingine. Nne, kazi tofauti kwa mwajiri mwingine ndani ya sekta unayoijua. Mwisho kabisa ndipo taaluma mpya au kujiajiri. Kila ngazi unayoshuka inakula muda na pesa zaidi, kwa hiyo usiruke moja kabla hujabisha hodi.

Wapo watu mashuhuri walioanzia hivyo hivyo. Brian Clough, mchezaji mpira wa Uingereza, aliumia goti Desemba 1962 akiichezea klabu ya Sunderland, na uchezaji wake kimsingi ukaishia hapo. Kazi yake ya kwanza ya kufundisha ilikuwa timu ya vijana ya klabu hiyo hiyo. Mwaka 1979 na 1980 akatwaa Kombe la Ulaya akiwa kocha wa Nottingham Forest. Julian Nagelsmann wa Ujerumani aliacha kucheza mpira akiwa na miaka 20 kwa sababu ya goti, bado akiwa na mkataba na klabu ya Augsburg. Kocha wake, Thomas Tuchel, akamtuma akawachunguze wapinzani. Februari 2016, akiwa na miaka 28, akawa kocha mkuu wa klabu ya Hoffenheim. Si kila mtu atafika huko, na si lazima. Kinachofaa kuigwa ni hatua yao ya kwanza: kazi ndogo, kwa mwajiri aliyewafahamu, inayotumia macho badala ya magoti.

Kwa hiyo mwandikie mwajiri wako. Usiende kuomba "kazi nyepesi", maana hiyo inamwachia yeye mzigo wote wa kufikiri, na jibu rahisi ni "hatuna". Mpelekee pendekezo. Barua inaweza kusema hivi:

"Tathmini ya tarehe hii inaonyesha naweza kubeba hadi kilo 9 na kukaa dakika 40 kwa wakati mmoja. Naomba nizingatiwe kwenye kazi ya kupokea na kukagua vifaa ghalani, ambayo naijua kwa sababu nilikuwa nakagua mizigo kabla ya kuitumia. Ningehitaji kiti kinachoweza kupandishwa na kushushwa, na mtu wa kushusha vifurushi vinavyozidi kilo 9. Naomba nianze kwa saa 4 kwa siku kwa wiki nne, kisha tupitie pamoja."

Una msingi wa kuomba hivyo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa Desemba 2006, unasema katika ibara ya 27 kwamba ubaguzi hauruhusiwi kuanzia kuajiri hadi kupandishwa cheo, na kwamba mahali pa kazi pafanyiwe marekebisho yanayofaa. Ibara hiyo inawataja hata wanaopata ulemavu wakiwa kazini. Nchi nyingi zimeridhia mkataba huu na kutunga sheria zake. Soma ya kwako, hasa kipengele kinachosema marekebisho yana kikomo pale yanapomwelemea mwajiri kupita kiasi, ili ombi lako lisiwe rahisi kukataliwa kwa kisingizio hicho.

Mwajiri akikataa, hamia kwa watu waliowahi kufanya kazi nawe: wauzaji waliokuwa wakikuletea vifaa, wakaguzi, wateja, wasimamizi waliohama kampuni. Wapigie simu mmoja mmoja. Usiwaombe kazi, waombe dakika 15 wakueleze kazi gani kwenye sekta zinahitaji mtu anayeijua kazi kwa vitendo na hazitangazwi magazetini.

Hatua ya 6: Kusoma, ila baada ya kujaribu

Mafunzo yana maana yakijaza pengo moja unalolijua. Ukadiriaji gharama umekubaliwa na mwili wako na soko lipo, kinachokosekana ni kompyuta: basi soma majedwali ya hesabu kwenye kompyuta, wiki chache, basi. Kinyume chake ni kulipia kozi ya mwaka mzima kwa sababu tangazo limeahidi ajira.

Kabla ya kulipa ada, tafuta watu watatu wanaofanya kazi hiyo sasa hivi uwaulize wanakaa au kusimama saa ngapi, na mtu asiye na cheti huingiaje. Omba ukae na mmoja wao siku nzima. Mgongo wako utatoa jibu kabla ya jioni. Ulizia pia vyuo vya ufundi kama vina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini. Unafanyiwa mtihani wa vitendo, unapewa cheti bila kurudia miaka ya darasani, na kwa fundi mzoefu hiyo ndiyo karatasi yenye faida kuliko zote.

Hatua ya 7: CV, usaili, na swali la jeraha

Kwenye CV, anza na ujuzi uliofumua katika hatua ya 4, kazi zifuate chini. Jeraha halina lazima ya kuandikwa humo. Pengo la miezi lieleze kwa mstari mmoja: "Matibabu na mafunzo", na tarehe.

Lini useme? Kama jeraha linagusa usalama wako au wa wengine, sema kabla ya kuanza kazi, bila mjadala. Kama utahitaji marekebisho siku ya usaili yenyewe, sema unapoalikwa. Kwa mengine, mimi nashauri useme usailini, mwenyewe, kwa sentensi tatu, kabla hawajaanza kubahatisha. Kinachomtia wasiwasi anayekusaili ni kama utakuja kila siku na kama utaiweza kazi. Mjibu hayo: "Niliumia bega, kwa hiyo sibebi juu ya kichwa. Kazi hii haina hilo. Tangu mwezi wa tatu nimefanya ukaguzi siku tano kwa wiki bila kukosa, na msimamizi wangu atathibitisha." Kisha nyamaza, rudi kwenye kazi. Usisimulie ajali ilivyotokea, hata wakidadisi.

Ndiyo maana kazi ndogo ya muda, hata ya kujitolea siku mbili kwa wiki, ina thamani kubwa kipindi hiki: inakupa mahudhurio ya kuonyesha.

Hatua ya 8: Pesa za katikati

Kabla ya kupokea mshahara wowote mpya, uliza kwa maandishi malipo yako ya fidia au bima yatakuwaje. Yapo yanayopungua kidogo kidogo kadiri unavyopata kipato, na yapo yanayokatika mara moja. Uliza na hili: nikijaribu kazi nikashindwa kwa sababu ya jeraha, narudishiwa malipo?

Ukipata malipo ya mkupuo, ndugu na marafiki watakuja na mawazo ya biashara. Tenga kwanza gharama za kuishi za miezi kadhaa na za matibabu yanayokuja. Biashara ikiwepo, ipime kwa swali moja: msaidizi wangu asipokuja kesho, mwili huu unaweza kuiendesha? Mwenye goti bovu anayefungua ghala la saruji atajikuta anabeba mifuko ndani ya mwezi wa kwanza, kwa sababu mteja yupo mlangoni na kijana hajafika.

Hatua ya 9: Miezi mitatu ya mwanzo kazini

Ukipata kazi, daftari la hatua ya 2 lisifungwe. Endelea kuandika, hasa safu ya kesho yake. Kishawishi kikubwa cha miezi hii ni kutaka kuonyesha kwamba bado una nguvu: mzigo umekaa vibaya, wenzako wanahangaika, mkono unaenda wenyewe. Waambie mapema, siku ya kwanza, unachofanya na usichofanya, kwa maneno mafupi na bila kuomba radhi. Maumivu yakianza kupanda kwa siku tatu mfululizo, mwone msimamizi siku hiyo ukiwa na pendekezo mkononi: kubadilisha kimo cha meza, kugawa saa, kubadilishana jukumu moja na mwenzako. Na tangu unaposaini mkataba, omba iandikwe humo tarehe ya kupitia marekebisho yako, wiki ya nne na tena wiki ya kumi na mbili, ili lisiwe jambo la kusubiri hadi uumie tena.